Waliozaliwa Siku ya Uhuru

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Osundwa, meneja wetu, ameniita ofisini kabla sijanywa chai. Anataka kuua kipindi changu cha redio, "Siku Kama ya Leo". Dakika kumi zangu za kila asubuhi — miaka minne! — apewe muuza dawa za miti shamba. Eti hakuna msikilizaji anayejali yaliyotokea zamani.

Nikamwambia anipe hadi Ijumaa, Sikukuu ya Jamhuri. Watu thelathini wakifika kituoni kwa ajili ya kipindi changu, kinabaki. Wasipofika, nitamkabidhi huyo muuza dawa maiki kwa mkono wangu mwenyewe.

Thelathini! Nani alinituma kutaja thelathini? Huu mdomo wangu.

Jioni nimekusanya ya tarehe 12 Desemba. 1901: ishara ya redio yavuka Atlantiki kwa mara ya kwanza — bila hiyo mimi ningekuwa nauza nyanya. 1915: Frank Sinatra, mwimbaji wa Marekani, azaliwa. 1963: Uhuru. 1964: Jamhuri. Tarehe gani nyingine imeshiba hivi?

Jumanne, 9 Desemba

Osundwa alisoma orodha yangu akacheka. Ni nani huko Navakholo anamjua Sinatra? Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Basi nilipoingia hewani nikaiweka karatasi kando. Nikasema: kama ulizaliwa tarehe 12 Desemba 1963, siku yenyewe ya Uhuru, piga simu, halafu uje Ijumaa tukukatie keki. Nilitegemea watatu, wanne.

Wa kwanza alikuwa Mzee Husseini wa Matungu. "Asalaam aleikum, Jael. Mimi nasikilizanga wewe kila siku nikikamua ng'ombe. Hiyo siku ni yangu. Iko kwa kitambulisho."

Kufikia saa nne, simu kumi na tisa!

Jumatano, 10 Desemba

Simu thelathini na sita. Asubuhi nimetembea kwenye korido kana kwamba kituo ni changu.

Halafu Tracy, msomaji wetu wa habari, akanitilia mchanga. Alikuwa amepiga soga na Mzee Husseini kwenye simu, na mzee akamwambia alioa mwaka wa 1973. Tracy akafanya hesabu mbele ya kila mtu. Yaani alioa akiwa na miaka kumi? Na yule mama wa Mukumu aliyepiga simu, ambaye kifungua mimba wake ana miaka hamsini na mitano?

Osundwa akasikia. Amesema hawa ni waongo waliofuata keki, na kituo hakitakuwa kichekesho cha kaunti nzima. Ijumaa nisome Sinatra wangu, kisha nifunge virago.

Nimelia chooni. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 11 Desemba

Nilikwenda Iguhu kwa Mama. Alinipikia ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, nami nikamwaga yote ya moyoni: wazee waongo, wamenimaliza, na kadhalika. Mama akaacha kula. Akanawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na kitambulisho chake kimefungwa kwenye leso.

Priscah. 12.12.1963.

Mimi, mtafutaji wa tarehe za watu wote duniani, sikuwahi kuuliza ya mama yangu! Kwetu hatukuwa na mambo ya bathidei.

Akanieleza. Mwaka wa themanini na mbili walipanga foleni kwa chifu kuchukua vitambulisho. Karani akawa anauliza kila mtu alizaliwa lini. Nani alikuwa anajua? Walisema tu, karibu na Uhuru. Karani akaandika tarehe moja, foleni nzima, mpaka jua likazama. Tangu hapo Mama anaogopa. Serikali ikigundua, itamshtaki kwa kusema uongo.

"Na ni uongo, najua," akasema, "sababu hiyo Uhuru naikumbuka. Walitupatianga uji kila siku shuleni, lakini siku hiyo ilikuwa mkate. Mkate! Na mimi nilikuwa sina meno mawili hapa mbele. Nilikula nikimumunya."

Niliruka nikamwaga mchuzi. Hawakuzaliwa siku ile — walikuwepo! Nina mashahidi thelathini na sita, na nilitaka kuwakatia keki tu.

Nikamsihi Mama aje. Akakataa katakata. "Usinitaje, mwana wanje, mwanangu. Utanifungisha." Sikumlazimisha.

Jioni nimewapigia wote, mmoja mmoja. Mambo ya kuzaliwa sikuyagusa. Niliuliza swali moja: siku ile unakumbuka nini? Mzee Husseini akaniambia amekaa miaka sitini na miwili akisubiri mtu amuulize. Wote nimewaambia waje kesho kusimulia; Osundwa sijamwambia lolote.

Ijumaa, 12 Desemba — Sikukuu ya Jamhuri

Naandika nikiwa studio. Tracy anasoma habari, maiki yangu imezimwa.

Arobaini na mmoja! Arobaini na mmoja! Viti vimekwisha, wengine wamekaa kwenye ngazi. Osundwa mwenyewe anabeba mabenchi, shati limelowa jasho. Mzee Husseini ameshazungumza: alibebwa mabegani kuona bendera mpya, akalia kwa sababu alitaka kuishika. Laini zote za simu zimejaa. Hata Tracy alipangusa macho, nikamwona.

Osundwa amechungulia dirishani. Anataka saa nzima, kila Ijumaa. Muuza dawa atatafutiwa saa kumi za alfajiri, awauzie popo. Nimeshinda! Nimewashinda wote na sioni haya kuliandika.

Nimeinua macho na Mama yuko mlangoni. Nguo za kanisani, leso mkononi. Amepanda boda kutoka Iguhu kabla jua halijatoka, akakaa nje na wenzake, akasikia kila mmoja wao ana hadithi ya karani kama yule wake. Ameketi mbele yangu. Nimemwuliza kwa kunong'ona nitumie jina gani.

"Langu. Taja na la baba yangu. Wakinishika, utaniletea chakula."

Tracy amefika kwenye hali ya hewa. Mama amefungua leso, ameweka kitambulisho mezani, ameivuta maiki kwake. Bado sijamtambulisha, na taa nyekundu ya hewani imewaka —