Jibu la Chidori

Matsumoto, tarehe 6 Novemba

Kwa dada yangu mpenzi Kikuno,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani, na shemeji je, mgongo umeacha kumsumbua? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechafuka. Mapeasi uliyotuma yamefika, nimekula matatu kwa mkupuo kwa hasira. Usicheke.

Jana ilikuwa zamu yangu ya somo la wazi. Umefundisha miaka ishirini, unajua yanavyokuwa: walimu wa shule nzima wamejipanga ukutani na kalamu zao, na mgeni mtaalamu kutoka chuoni kaketi nyuma. Darasa la sita, uwiano. Swali moja tu kwa kipindi kizima: sharubati ya plamu vikombe viwili huchanganywa na maji vikombe vitatu. Ukiweka sharubati vikombe vinne, utie maji vikombe vingapi ili ladha isibadilike?

Kwa dakika kumi kila mtoto alihangaika peke yake, nami nikapita kati ya madawati nikiandika nani anafikiri vipi. Ndipo nikafika kwa Chidori. Binti huyu tangu Aprili hajanyoosha kidole hata mara moja. Alikuwa amechora vikombe vyake vizuri, akaandika maji vitano, kwa sababu mwanzo maji yalizidi sharubati kwa kikombe kimoja. Kosa lenyewe nililokuwa nikilitafuta! Ukianza nalo, watoto watabishana wenyewe mpaka wafike kwenye sita. Nilipouliza nani aanze, kidole chake kikapanda. Nusura nilie.

Sasa huyu Bwana Muraoka, makamu mkuu wetu! Asubuhi alikuja mezani kwangu akaniambia nisije nikamwaibisha mbele ya mgeni, mgeni aone ubaoni majibu sahihi tu. Nikamwambia kosa ndilo somo lenyewe. Akacheka, eti mambo hayo niyafanye siku isiyo na wageni. Jamani! Mtu mwenyewe sijui mara ya mwisho alishika chaki lini. Chidori alipokuwa akichora ubaoni, Makamu, aliyesimama dirishani, akakohoa. Mtoto mmoja akapaza sauti kwamba kwa vitano itakuwa tamu mno, hainyweki hiyo, na darasa likaanza kubishana, jambo nililolitaka. Makamu akakohoa tena, kwa nguvu.

Basi jibu la Chidori likafutwa. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ubao haufutwi mpaka kengele ilie. Watoto wetu hunakili ubao kama ulivyo, kwa hiyo walipoona limeondoka, wote ishirini na tisa wakachukua vifutio. Sikusikia kitu kingine ila vifutio vikisugua karatasi. Chidori naye akafuta lake.

Kwenye kikao cha baadaye Makamu akausifu ubao wangu kwa usafi. Ningemrushia kikombe! Mgeni akauliza, pale kushoto penye ukungu wa chaki palikuwa na nini.

Dada, nimemsema Makamu barua nzima, na anastahili. Lakini yeye hakutoka dirishani. Aliyefuta ni mimi, kwa mkono wangu huu, mbele ya mtoto ambaye alikuwa hata hajafika kwenye kiti chake. Na mgeni alipouliza, nilijibu hapakuwa na kitu.

Leo nimekusanya madaftari. La Chidori limetoboka pale alipofuta, na pembeni ameandika sita kwa mwandiko safi kabisa. Kidole hakunyoosha.

Kesho nitachora vikombe vyake upya, pale pale kushoto, na jina lake juu. Kisha nitawaambia watoto nani alifuta na kwa nini. Makamu nimeshamwomba aje asimame dirishani palepale. Akikohoa, na akohoe.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Ukinikasirikia, niandikie unigombeze, ila usininyamazie.

Mdogo wako,
Hatsue