Nimeokoka Mara Kumi na Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ikiwezekana usome barua hii kabla ya Jumapili, kwa sababu baba yangu huenda asiifikie nyingine. Kazi yangu ni kuosha na kutakasa vifaa vya upasuaji hospitalini, kila pakiti ya mikasi na koleo tunaifunga kwa utepe wenye mistari hafifu, ikitoka kwenye mashine ya mvuke mistari imekuwa myeusi tunajua joto limefika, isipogeuka vizuri, hata ukiwa na shaka kidogo tu, pakiti inarudi mashineni, na wenzangu wananiita Mama Rudia kwa jinsi ninavyorudisha hata zile ambazo wao wanaziona ziko sawa.

Niliokoka tarehe 14 Machi, miaka sita iliyopita, nimeandika kwenye daftari langu, saa nne na robo asubuhi, benchi la tatu, nikalia, nikasikia wepesi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Tarehe 2 Aprili nikamtukana wifi yangu mbele ya watoto, ule wepesi ukaniisha, nikajiambia haikushika, Jumapili iliyofuata nikapita mbele nikaongozwa sala ya toba upya. Mshauri, nimefanya hivyo mara kumi na moja, zote zina tarehe, mara nyingine kwa kosa, mara nyingine kwa sababu tu niliomba na sikusikia chochote moyoni, na siku hizi mzee wa kanisa akiniona nanyanyuka anatabasamu kama kinyozi aliyemwona mteja wake.

Sasa baba. Huyu si aliyenizaa, alimwoa mama nikiwa na miaka minne, na siku ya kuniandikisha shule mwalimu alipouliza jina la baba akataja lake bila hata kumtazama mama. Alikuwa fundi wa kuezeka mabati, kanisani alitusindikiza mpaka mlangoni akasema, "Niombeeni na mimi," akarudi zake. Leo amelala chumbani kwangu, moyo umechoka, miguu imevimba, daktari amesema tumhudumie nyumbani. Juzi, tarehe 9, namkata kucha, akaniambia, "Mwanangu, huyo Yesu wenu anampokeaje mtu kama mimi? Nielekeze, nisije nikaulizwa huko nikabaki kukodoa macho." Nikamwambia, "Subiri, baba, Jumapili mchungaji atakuja." Akasema, "Kwani mdomo wako una kazi gani, kunigombeza ninywe dawa tu?" Nikacheka, nikaziacha kucha nusu, nikatoka uani nikalia nyuma ya nguo zilizoanikwa. Mshauri, nitamwongozaje sala ambayo kwangu mimi haijashika mara kumi na moja, nikimpa pakiti yenye shaka akaondoka nayo, nitamrudishia wapi? Jana hakuuliza tena, amegeukia ukutani. Nifanyeje?

Mama Rudia

MSHAURI ANAJIBU

Mama Rudia, barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaiweka juu, kwa ajili ya baba yako. Pole kwa kumuuguza, na pole zaidi kwa miaka sita ya kuogopa peke yako huku umekaa katikati ya kanisa lililojaa watu.

Lakini nikugombeze kidogo. Mgonjwa amekuomba maji, nawe umesimama na jagi mkononi unamwambia asubiri mwenye bomba.

Kosa lako limetokana na uaminifu wako kazini. Umeikagua roho yako kama pakiti, ukitafuta mstari mweusi: machozi, wepesi, wiki nzima bila kugombana. Usipouona, unajirudisha mashineni. Wokovu haupimwi hivyo. Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zako, akafufuka. Kazi hiyo aliifanya yeye, akaimaliza, na wala haikungojea wewe usikie kitu moyoni. Mtu huupokea wokovu kwa kumwamini yeye, kwa kuigeuzia dhambi mgongo na kujikabidhi mikononi mwake. Sala ni mkono tu unaopokea, na mkono unaotetemeka nao unapokea.

Najua utaniuliza: na yale matusi ya Aprili? Basi mtazame huyo mzee. Alikutaja kuwa wake mara moja, mbele ya mwalimu, na wewe hukuwa umefanya lolote la kustahili, ulikuwa umesimama tu, pengine na viatu vipya. Baadaye ulimkosea, na nina hakika ulimkosea sana ulipofika miaka kumi na mitano. Je, kila mara mlirudi shuleni akakuandikishe upya? Ulimwomba radhi, ukavuta kiti, ukala. Toba ya kila siku ndiyo hiyo, ni ya mtoto aliye ndani ya nyumba. Usiiache hata siku moja. Ila acha kugonga mlango wa nyumba unayoishi. Na kuhusu wifi yako, Mungu umemwomba radhi kwa tarehe na saa, lakini yeye sioni mahali ulipomwomba. Mpigie simu wiki hii.

Mchungaji aje Jumapili, amsomee, na azungumze naye habari za ubatizo kama mzee ataweza. Wewe usimngoje. Leo ukitoka kazini, nawa mikono, kaa kitandani upande wa ukutani ili akuone. Mwambie, "Baba, juzi uliniuliza, nikaogopa." Kisha mweleze Yesu alimfanyia nini, kwa maneno unayotumia kumweleza dawa. Akitaka kuomba, mwache aombe mwenyewe, kwa lugha ya fundi wa mabati, na usimsahihishe. Asipolia, usimtazame usoni kutafuta machozi.

Halafu fungua daftari lako. Kwenye tarehe ya leo usiandike kwamba umeokoka mara ya kumi na mbili. Andika alichosema baba yako, neno kwa neno, kisha urudi ukamalizie kumkata kucha.