Utabiri wa Kesho: Ibra na Nizwa, na Wageni Waliokuja Leo

Ibra, Jumatano, baada ya magharibi.

Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Mama amefunga madirisha yote lakini vumbi limeingia vilevile, limetanda mpaka kwenye kibodi hii ninayoandikia.

Mnaonisoma hapa mnajua Jumatano ni siku ya utabiri. Mimi nimeshamaliza chuo, nafanya kazi benki, na sijawahi kucheza mpira wa kikapu hata siku moja. Lakini tangu mdogo wangu Zuwena aingie timu ya wasichana ya chuo cha hapa Ibra, Oman, sikosi mechi. Naandika nani atashinda na kwa nini. Wasichana wa Sur wananisoma, wa Nizwa wananisoma, na wakikasirika wananiandikia matusi ya adabu, nami huwa nafurahi.

Leo sina furaha yoyote.

Nianze na jepesi. Kesho kuna mechi mbili, zote hapa kwetu, ndani ya ukumbi, wanawake watupu: wachezaji, waamuzi, watazamaji, na pazia zito mlangoni. Asubuhi ni Sur na Ibri. Natabiri Sur. Wale wasichana wanatupa mpira kutoka mbali, mbali kabisa, na unaingia. Udhaifu wao ni pumzi, kipindi cha mwisho miguu inawaisha. Ila Ibri wana papara, wanaupoteza mpira wenyewe kabla ya kunyang'anywa. Sur watashinda, na wala sitaupoteza usingizi kwa hilo.

Baada ya alasiri ni Ibra na Nizwa. Atakayeshinda anaingia fainali ya Ijumaa.

Hapo ndipo vidole vinapogoma.

Nizwa wana Thurayya. Aliyemwona mara moja hamsahau: mrefu kuliko wote, anasimama chini ya kikapu na kila mpira unaokosa pete unaishia mikononi mwake. Kwetu kazi ya kumzuia ni ya Zuwena, ambaye akisimama wima kichwa chake kinafika kwenye bega la Thurayya. Zuwena anamzuia kwa ukaidi tu. Anaingia mbele yake, anapanda naye, anashuka naye, hampi nafasi ya kugeuka.

Mechi yao iliyopita, kule Nizwa mwezi jana, wote wawili waliurukia mpira mmoja. Kiwiko cha Zuwena kilimpata Thurayya mdomoni. Niliusikia ule mlio mpaka nilikokaa. Damu ilimwagika juu ya fulana nyeupe, filimbi ikalia, Thurayya akatolewa nje ameshika taulo. Alishonwa mdomo. Tulishinda mechi ile kwa kikapu kimoja na hakuna aliyepiga vigelegele.

Mechi ilipokwisha Zuwena alinipotea. Nikamtafuta, nikamkuta nje, kwenye maegesho, amejitupia abaya juu ya nguo za mchezo, ameinama kwenye dirisha la gari moja. Alikuwa amechukua barafu kwenye ndoo ya maji ya timu, akaifunga ndani ya mtandio wake wa akiba, amempelekea Thurayya aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma. Nyuma ya usukani alikuwepo kijana, kaka yake, amekuja kumchukua. Aliangalia mbele tu, kwa adabu. Mimi nilidhani aliangalia mbele tu.

Wiki iliyopita simu ya nyumbani ikalia. Mwanamke wa Nizwa, Kiswahili chake cha Unguja kabisa, anamtaka Mama. Anaitwa Bi Salma. Ana kijana, mhandisi, jina lake Nasser, na kama hatuna kizuizi angependa kuja Jumatano kutuamkia na kumtazama binti yetu Zuwena. Kwa kuwa Alhamisi watakuwa Ibra hata hivyo, binti yake ana mechi.

Mama aliweka simu chini anatabasamu. Zuwena akawa mweupe.

"Mama," akasema, "binti yao ni yule."

"Yule nani?"

"Wa Nizwa. Yule mdomo yake."

"Mdomo wake," Mama akamsahihisha, kama kawaida yake, kisha maana ikamfikia. Akakaa kwenye kiti. "Uliyempasua? Huyo ndiye anakuwa wifi yako?"

Kuanzia siku ile nyumba hii haikupumua. Mama aliamini Bi Salma hajui. Angejua, angempigiaje simu mama wa msichana aliyemtia mwanawe nyuzi mdomoni? Ama anajua, na anakuja kutuambia mbele ya kahawa yetu wenyewe kwamba tumelea mtoto wa vita. Mama alilipindua hili jikoni, akalipindua kwenye gari, akalipindua akiwa kwenye msala, namjua. Mwishowe jana akamwita Zuwena na kumwambia kwa upole, "Mwanangu, kesho kutwa cheza. Sijakukataza. Lakini cheza kistaarabu. Huyo mtoto akitaka kupita, mwache apite. Mpira ni mpira tu."

Zuwena akatoka. Alikuja chumbani kwangu akajilaza kitandani kwangu na viatu vyake.

Nikamwuliza kama anamtaka huyo Nasser.

"Simjui," akasema. "Lakini, wallahi, nataka kumjua. Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayejifanya najua nani atashinda na kwa nini, na nilichofanya ni kumvua viatu tu.

Leo wamekuja. Bi Salma na Thurayya tu. Mwanaume aliyewaleta alibaki majlisi, sebule ya wanaume, na Baba, na kwa kikohozi cha wasiwasi nilichokisikia huko nadhani alikuwa yeye mwenyewe Nasser.

Bi Salma ni mfupi, mnene kidogo, ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mama, aliyezaliwa Mwanza na ambaye Kiswahili chake hukimbia moja kwa moja, mbele yake akaanza kuongea polepole na kwa adabu nyingi kama anasoma taarifa ya habari. Zuwena akaingia, akaamkia shikamoo, akabusu mkono. Na Thurayya yupo pale, amekaa karibu na mlango, magoti yake marefu hayajui pa kwenda. Kovu liko juu ya mdomo wake, jekundu bado. Kila mmoja wetu alikuwa akitazama mahali pengine.

Zuwena akachukua birika la kahawa. Akapita kuanzia kwa mgeni mkubwa. Bi Salma akanywa finjani moja, akarudisha, akajaziwa ya pili. Mama anamsimulia habari za mashamba ya tende. Bi Salma anaitikia. Hajasema neno la posa, hajasema neno la mechi. Nilikuwa nimeushika mto wa kochi mpaka vidole vikafa ganzi.

Kisha akamgeukia Zuwena aliyesimama mbele yake na birika mkononi.

"Hebu niambie, mwanangu. Wewe ndiwe uliyempiga binti yangu?"

Mama alitoa sauti ndogo kooni.

"Ndiyo, khala," akasema Zuwena. "Bahati mbaya. Lakini ni mimi."

"Na kesho mnakutana tena."

"Inshallah."

"Akija na mpira, utampisha?"

Nilimwona Mama akimtazama Zuwena. Macho yake yalikuwa yanamwomba, sina neno jingine. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo, kucheka kidogo, kuuachia mchana upite. Ningekuwa mimi ningesema ndiyo. Ninaliandika hivyo kwa sababu ni kweli.

"Hapana, khala," Zuwena akasema. Alilishika birika kwa mikono miwili. "Sitampisha."

"Na akianguka?"

"Nitamwinua. Halafu nitamzuia tena."

Upepo nje unasukuma mlango wa bati wa banda. Bi Salma akautazama mkono wake wenye finjani. Mnaojua, mnajua: mgeni akiitikisa finjani amekwambia inatosha, na baada ya hapo huwa ni kuaga. Sote tulikuwa tunautazama mkono ule.

Hakuitikisa. Akainyoosha mbele.

"Niongeze," akasema.

Zuwena akamimina, na kidogo ikamwagikia zulia, na hakuna aliyejali.

Ndipo Thurayya akaongea, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ummi, mwache sasa, umemtesa." Akamgeukia Mama. "Mimi ndiye niliyemwambia Nasser, khala. Yeye alikuwa ananiuliza kila siku yule aliyeleta barafu ni nani, nikamwambia ni yule yule aliyenipasua. Hakuamini. Nikamwambia, wachezaji wote wa Ibra waliondoka, aliyenifuata ni huyu peke yake."

Bi Salma akasema mwanawe asingejua kumwomba mtu hata maji bila dada yake, na Mama akacheka, kicheko chake cha kweli sasa, cha Mwanza, na Kiswahili chake kikarudi mbio.

Hakuna kilichoamuliwa leo. Bi Salma alisema wazi kwamba wanaume watazungumza, na kwamba Zuwena amalize chuo kwanza, na kwamba Zuwena mwenyewe akisema hapana basi ni hapana, na hakuna atakayenuna. Zuwena aliinamisha kichwa. Lakini nilipokwenda jikoni kuleta halwa nilimkuta amefika kabla yangu, ameegemea jokofu, analia na kucheka kwa pamoja, na nyuma yake Thurayya anakula vitumbua kutoka kwenye sinia bila kukaribishwa.

"Kesho usidhani nitakuonea haya," Thurayya anamwambia, mdomo umejaa.

"Nani kasema unionee haya?"

"Nakupita upande wa kushoto. Upande wa kushoto huwezi."

"Jaribu."

Wakanigeukia. Thurayya akaniuliza nimeshatabiri nini. Nikasema bado. Akasema, "Andika kweli. Kila mara unawapa Ibra. Sisi tunakusoma ili tucheke."

Sasa niko hapa, na Baba amesimama mlangoni kwa mara ya tatu. Babake Nasser ameahidi kupiga simu leo, na simu ya nyumba haiwezi kuita mtu akiwa kwenye intaneti. "Maliza hayo mambo yako ya mpira," ananiambia, "watu watadhani tumewakimbia." Kwa hiyo niandike haraka.

Niandike kweli.

Ibra tuna Zuwena, tuna kasi, tuna ukumbi wetu na dada zetu wote wa kupiga kelele. Lakini msichana wetu wa pili wa kuchezesha mpira ana homa tangu Jumapili, na Zuwena hawezi kumzuia Thurayya huku, kisha akimbie kuupandisha mpira kule, kipindi baada ya kipindi. Wachezaji wetu wa benchi ni wa mwaka wa kwanza na wanaogopa. Mitupo ya faulo tunaikosa hata mazoezini, na mechi zinazobanana huamuliwa hapo hapo. Nizwa wakimtoa mmoja wanaingiza mwingine wa kiasi kile kile. Tena Thurayya amesema kweli kuhusu upande wa kushoto. Niliuona mapema mwaka huu, sikuuandika, nikidhani wao hawajauona.

Nimeandika Ibra nikafuta. Nimeandika Nizwa nikafuta. Nikaandika Ibra tena nikajiona mwongo.

Natabiri Nizwa. Kwa vikapu viwili.

Ni mara ya kwanza kuandika dhidi ya chuo changu. Zuwena ataisoma hii kabla ya kulala. Atavaa viatu kesho huku amenuna, na pengine atanitia aibu mbele ya watu wote. Naomba iwe hivyo. Sijawahi kuomba nikosee, leo naomba.

Lakini hilo silo linalonikosesha raha zaidi.

Bi Salma, wakati anavaa viatu mlangoni, alinishika mkono. "Kumbe wewe ndiye unayeandika kwenye kompyuta. Kesho kaa nami. Nimekuwa nikimsindikiza huyu mtoto miaka yote na sijui hata kwa nini wanapiga filimbi. Utanieleza."

Nikasema nitafurahi. Ningesema nini?

Kwa hiyo kesho alasiri nitakaa bega kwa bega na mama anayetaka kuwa mkwe wa mdogo wangu, na mbele yetu binti yake na dada yangu watakuwa wanaparurana chini ya kikapu. Thurayya akiangushwa, nitamweleza kwamba ile ni faulo. Na Zuwena akimnyang'anya mpira, akakimbia nao mpaka upande wa pili na kuutumbukiza? Nikae kimya kama mgeni? Nipige makofi ya vidole viwili? Nimelifikiria hili tangu walipoondoka, nikijiona nimekaa pale mikono juu ya magoti, natabasamu, kila mtu wa Ibra ananishangaa.

Halafu namkumbuka Zuwena na birika lake mikononi, anasema hapana.

Nitakaa na Bi Salma. Nitamweleza kila filimbi. Na Zuwena akifunga, nitasimama na kupiga kelele kwa sauti yangu ile ile ya siku zote, ile ambayo mwamuzi alishawahi kuniomba niipunguze, na Bi Salma ataniona nilivyo.

Baba amerudi mlangoni. Naizima intaneti, simu iite.