Msingi wa Kufika Kiunoni

Ipagala, Dodoma
3 Juni 2015

Shemeji Luka,

Mbukwa. Hujambo huko mlimani? Ruthu hajambo? Ule mguu wake bado unavimba? Mwambie aukande na maji ya chumvi, asiwasikilize wauza dawa za kupaka. Mimi mzima, magoti tu, na magoti siyo ugonjwa, ni umri. Anayeandika ni Jaha, jirani yangu mshona nguo, yule uliyesema ana sauti ya kuitia ng'ombe. Anasema hilo analiandika lakini hajalisahau.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka, kila mara napata yule mwanamke wa kusema hupatikani. Ndiyo maana nampa barua dereva wa basi la Mpwapwa.

Sasa sikia kilichonipata. Mwezi wa tatu mjumbe alipita akasema watakuja wageni kutoka manispaa, wanaingia kila nyumba. Mimi nikasikia wageni. Jaha naye akasikia wageni. Mgeni wa serikali utamkalisha kwenye kigoda? Jaha akaleta makochi yake, tukayabeba sisi wawili, yeye anarudi kinyumenyume anacheka mpaka kochi moja tukalitua kwenye kuku. Akaleta zulia, akaleta kabati la vyombo, akaleta na lile jokofu lake ambalo halijawaka tangu mumewe yuko hai. Nikapaka ukuta wa mbele chokaa. Nikachinja yule jogoo mwekundu.

Wakaja vijana wawili, wa kike na wa kiume, watoto wenye adabu, shikamoo bibi, wakala wakashiba, wakapima nyumba kwa utepe. Yule wa kike akaniuliza, bibi, nyumba hii ni imara? Shemeji, ungenisikia siku ile. Nikamwambia nyumba hii kaijenga mdogo wake marehemu mume wangu. Nikamwambia mume wangu Sila alikuwa mgonjwa, anatolewa nje na mkeka kutazama ukuta unavyopanda, na alihamia humo akafia chini ya bati, siyo kwenye tembe. Msingi wake unafika kiunoni, nikasema, nilisimama mwenyewe kwenye mtaro, mawe nilibeba kwa kichwa hiki. Akaandika yote. Nikafurahi anavyoandika.

Basi karatasi imekuja. Jaha kaisoma, kavua miwani, kaifuta, kaisoma tena. Nyumba yangu imethaminiwa kama ya waziri. Kodi waliyoipandisha juu yake, hata niuze karanga na ubuyu mpaka kaburini, siifikii. Na usipolipa deni linakua. Yule mama wa nyumba ya kona lilimshinda, akauza, akaenda kwa mwanawe Morogoro. Mimi niende kwa nani? Mtoto Mungu hakutupa, nina hii nyumba tu.

Jaha anasema mtu anaweza kupinga. Kuna baraza litakaa mwisho wa Julai, unakwenda unajieleza, na ukiwa na fundi wako wanakusikiliza zaidi. Njoo uwaambie matofali tulichoma wenyewe, uwaambie vyumba vya nyuma havina dari wala sakafu. Useme ukweli tu. Nitakupikia mlenda. Wa Ruthu ni wa maji, msomee hapo na yeye asikie.

Mimi, mke wako wa mjini,
Tereza


Kibakwe
15 Juni 2015

Mke wangu wa mjini,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Ruthu amesikia habari ya mlenda, anasema ukija huku utapikiwa mawe, si unajua kuyabeba. Naandika mwenyewe kwa penseli ya kazini, uvumilie.

Nitakuja. Nyumba hiyo naijua kuliko mgongo wangu. Ila nina swali moja. Mimi nilijenga hapo tangu kiangazi kinaanza mpaka mvua, nikala mboga za majani siku zote. Hawa wamekuja kupima tu wamechinjiwa jogoo. Tutaliongea.

Habari za huku ni njema. Wazee wa kanisa wamenipa kazi ya kanisa jipya, lile la zamani limeelemea upande mmoja. Tunaanza msingi mavuno yakiisha. Nashukuru, maana macho yanapungua, na nyumba nyingi nilizojenga ujanani zimebomolewa kupisha barabara na watu wenye pesa. Ikibaki ya kwako na hili kanisa, inanitosha.

Msalimie Jaha. Mwambie ng'ombe wameitika.

Mumeo mdogo,
Luka


Ipagala
19 Agosti 2015

Shemeji yangu Luka,

Mbukwa, na salamu nyingi. Mko salama? Mmevuna vizuri? Huku uwele wetu ndege wameumaliza, mimi sikulima lakini nauonea huruma. Mjukuu wa Jaha, Shamila, ameposwa na kijana wa Kondoa, mpole, ila hacheki hata ukimtekenya. Magoti yangu yanaendelea na shughuli zao.

Jaha anagonga kalamu mezani, anasema niingie kwenye jambo.

Majibu ya baraza yametoka. Wamepunguza sana. Kodi sasa naiweza, nikibana. Nyumba imebaki yangu. Nakushukuru, shemeji.

Lakini mbona uliondoka? Nilitoka ukumbini nakutafuta, mlinzi akasema mzee mwenye kofia kapanda bodaboda kaenda stendi. Mlenda nilikuwa nimeutengeneza tangu asubuhi, na karanga humo. Niliula peke yangu, uliobaki kesho yake niliwapa kuku.

Mimi sikupanga kusema vile. Tulipokuwa tunangoja kwenye benchi, wewe ulikuwa unanionyesha nyufa za ule ukumbi, unasema aliyeupiga lipu alikuwa na haraka ya kwenda kunywa, na mimi nilikuwa nacheka. Tulikuwa tunakwenda kusema ukweli. Kisha nikaitwa, na yule mwenyekiti akaanza kusoma yaliyoandikwa. Makochi. Zulia. Jokofu. Kisha akasoma, mwenye nyumba ameeleza msingi ni imara, kina chake ni kiunoni. Watu nyuma wakacheka. Akaniuliza, bibi, haya uliyasema wewe? Nikaona nyumba inaniponyoka pale pale.

Nikamjibu, nilisema, ila ndivyo alivyoniambia fundi. Mimi mwanamke, sikuingia kwenye mtaro. Pengine alipanga mawe juu juu akafukia.

Akakugeukia wewe. Ulisimama, ukavua kofia, ukaniangalia kidogo. Nilidhani utanikatalia. Ukasema, "Ni kweli. Nilimdanganya huyu mama." Basi, ukakaa.

Mimi nilijua umenielewa. Nilijua tutacheka njiani mpaka nyumbani. Hayo ni maneno ya baraza, shemeji, yanabaki barazani. Jaha njia nzima alitembea mbele yangu, na Jaha unamjua, siku zote hunisubiri kwa ajili ya magoti.

Nijibu hata mistari miwili.

Mke wako wa mjini,
Tereza


Ipagala
2 Oktoba 2015

Shemeji Luka,

Salaam. Najua huna hamu ya salamu zangu. Nakusalimu hivyo hivyo, mtu hawezi kuingia kwenye barua kama ng'ombe anaingia shambani.

Ruthu alipita kwangu. Alikuja kuonyesha mguu hospitali, akaingia kunywa maji. Nikamuuliza, kanisa limefika wapi? Akasema linakwenda, wanajenga. Nikasema Luka atakuwa amechoka. Akasema Luka yuko nyumbani, anachunga mbuzi. Hakunishtaki. Alisema kama mtu anayesimulia mvua ilivyonyesha.

Kumbe siku ile ukumbini alikuwepo Mzee Bartolomayo, mzee wa kanisa lenu, naye ana kiwanja huku kwetu Ipagala, alikuja kwa shauri lake. Akaketi nyuma, akasikia. Akarudi Kibakwe akawaambia wenzake fundi wetu amesimama mbele ya baraza, amekiri kwa kinywa chake kwamba alimdanganya mjane wa kaka yake juu ya msingi. Sasa nani atampa mtu huyo kanisa? Wamemchukua fundi wa Mpwapwa mjini. Ruthu anasema ulikwenda kuwaeleza wakakuuliza jambo moja tu, ulisema au hukusema? Ukajibu ulisema. Ukarudi nyumbani.

Luka, ungewaambia ni mimi. Kwa nini hukuwaambia ni mimi?

Aliponiachia Ruthu hayo, nilikaa kwenye ile ngazi ya mlango wa nyuma, uliyonitengenezea ya chini kwa ajili ya magoti. Nikakumbuka siku ya mtaro. Ulikuwa unashuka wewe kwanza, unapiga chini kwa nondo, unasikiliza, unasema bado. Sila anasema kwenye mkeka, inatosha, pesa za saruji zitaisha. Wewe unasema bado, kaka, hapa udongo ni wa kuvimba. Mpaka nikasimama ndani ukingo ukanifika hapa kiunoni, ukasema sasa. Mimi ndiye niliyekupokeza jiwe la pembe. Jua lile, Sila anacheka anasema mnamzika nani humo.

Na nikasimama mbele ya watu nikasema sikuingia kwenye mtaro.

Nilimuuliza Jaha, ningesema nini? Na hili namlazimisha aliandike kama alivyolisema, hataki. Alinijibu, "Ungesema makochi ni yangu."

Ndiyo hivyo tu, shemeji. Ningesema makochi ya Jaha, zulia la Jaha, jokofu la Jaha na tena bovu, mimi nina vigoda viwili na kitanda. Jaha alikuwa amekaa pale pale, angesimama akashuhudia. Wangekata thamani na tungekwenda nyumbani kula. Lakini niliona haya. Wale watoto waliokula jogoo wangu walikuwa mle ndani, sikutaka wajue nilikuwa najifanya tajiri. Nikayafichia siri makochi ya watu, nikauza jina lako.

Nitakwenda kule ofisini kusema nilisema uongo. Na Bartolomayo nitamtafuta.

Shemeji yako,
Tereza


Ipagala
8 Novemba 2015

Luka,

Hujambo? Ruthu na mguu?

Nilikwenda ofisini. Nilimkuta binti mmoja, hata Jaha alimsifu, na Jaha hasifu watu wa ofisini. Nikamwambia, mjukuu wangu, nilidanganya, msingi wangu ni mzuri, rudisheni thamani kama ilivyokuwa. Aliweka kalamu chini. Akasema bibi, tangu nianze kazi hajaja mtu wa namna yako. Akaenda kuuliza, akarudi akasema shauri limefungwa, likifunguliwa tena itabidi nimlete fundi aje aseme tena. Nikamwambia fundi nilishamtumia, hatumiki mara mbili. Nikaondoka.

Basi nikachimba. Pembe ya nyuma, upande wa chumba cha Sila, pale lilipo lile jiwe. Nilianza mwenyewe, Jaha akasema nitafia humo, akaingia yeye na ushungi wake kaufunga kiunoni, mwanamke hajawahi kushika jembe, analima kama anakata kitambaa. Tulichimba siku nyingi. Mbuzi wa jirani ametumbukia, tumemtoa, mwenyewe katutukana. Sasa pako wazi, mawe yote yanaonekana mpaka chini, yamepangwa kama ulivyoyaacha, hata alama ya kidole chako kwenye saruji ipo.

Nikamwita Mzee Bartolomayo alipokuja kutazama kiwanja chake. Alisita, kisha akavua koti akashuka. Shimo likamfika kiunoni, na yeye ni mrefu. Akapapasa mawe kwa mkono. Nikamwambia kila kitu, na makochi, na jogoo, na haya yangu. Nikamwambia Luka hajawahi kunidanganya tangu nilipoolewa kwao. Hakunikemea, ningependa angenikemea. Akasema, "Mama, kanisa limeshafika kwenye linta, juu ya madirisha."

Akasema atawaambia wenzake. Sijui kama amewaambia. Na akiwaambia, ukuta hauwezi kushuka chini ukapandishwa na wewe.

Shimo nimeliacha wazi. Jaha ananigombeza, mimi nasema lisifukiwe mpaka Luka aje alitazame, na kila apitaye atazame, nimwambie huu ndio msingi wa Luka. Nimeweka kigoda pembeni. Ni changu, hicho siyo cha Jaha.

Njoo, baba. Usipokula, utakunywa maji.

Mimi,
Shemeji yako Tereza


Kibakwe
27 Novemba 2015

Shemeji Tereza,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mguu wa Ruthu umepungua, ile chumvi imesaidia. Barua zako zote nimezipata.

Mvua ya kwanza imeshanyesha huku. Huko itawafikia wiki hii. Fukia lile shimo. Usirudishe udongo wote kwa pamoja. Weka kidogo, nyunyiza maji, shindilia kwa mchi wa kinu, kisha uweke tena. Ukifika juu, tengeneza mteremko wa kutoa maji mbali na ukuta, na usipande kitu hapo. Udongo wa hapo ni wa kuvimba. Maji yakituama kwenye pembe ile, ukuta wa chumba cha kaka utapasuka, na ulichosema barazani kitakuwa kweli.

Mimi sitakuja.

Shemeji yako, fundi wa nyumba hiyo,
Luka