Dada Yako Anapanga Mstari Mbele ya Frigo

Kapata, Kolwezi

Semeki yangu Muteba,

Nakusalimu, mimi mtu uliyemwoza dada yako halafu ukajuta. Miguu bado inakubeba? Yale meno mawili uliyobaki nayo yanaelewana? Na mke wako, mama mwenye subira kuliko watakatifu wote wa parokia ya Dilolo, kifua chake kimepona? Mi ninapumua. Magoti yanalia nikiinuka, nikikaa yanalia tena, hata nimefikiria kubaki katikati. Vumbi la malori tunakula asubuhi na jioni, bila chumvi. Hapo njo habari nzuri zimeishia, semeki. Kama unasoma umesimama, tafuta kiti.

Ninakuandikia juu ya dada yako Rozali. Barua hii ilitakiwa ikufikie mwaka jana. Sikuiandika. Ukimaliza kuisoma utakuwa na haki ya kunitukana, nami nitasikia hata huku.

Nianze na frigo. Mwaka jana kuran ya umeme ilikatika siku tatu, na mi kwa tamaa yangu nikamla samaki aliyekuwa ndani. Harufu yake ilinionya, nikaipuuza kama ninavyompuuza padri. Nikalazwa hospitali na chupa ya maji inaning'inia juu ya mkono. Binti yetu Bernadeta, yule aliye Ubelgiji, akalia kwenye telefone kana kwamba nimeshazikwa. Halafu akatuma kifurushi kwa mama mmoja aliyekuwa anarudi Kolwezi: vipima-joto viwili. Kimoja cheupe, kama kipande cha sabuni, kinakaa ndani ya frigo. Kingine kina msumari mrefu, unakichomeka kwenye nyama au unakining'iniza ndani ya sufuria. Yule mama akaviunganisha na kisanduku chenye kadi ya simu, Bernadeta akawa anakitumia mega za intaneti kutoka huko huko, na tangu siku hiyo joto la frigo ya Kapata linasomwa Bulaya. Frigo ikipata joto, telefone ya Bernadeta inalia. Sufuria ikiungua, inalia. Mi nilifanya kazi miaka thelathini kwenye tanuru la shaba, nikisoma moto kwa macho haya mabovu, na hakuna aliyewahi kunipigia simu kutoka Bulaya kuniuliza kama shaba imeiva.

Nilidhani vitapeleleza koo langu. Nikavichukia kwa sababu hiyo.

Siku ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi. Bernadeta akapiga.

"Papa, frigo iko na digri kumi na tisa. Kuran imekatika?"

Kuran ilikuwepo, redio ya jirani ilikuwa inahubiri kwa sauti yote. Nikaenda jikoni. Nikamkuta Rozali amesimama mbele ya frigo, mlango wazi, kitunga mkononi, kitambaa cha misa kichwani. Mwanga wa ndani unampiga usoni. Ametulia kabisa.

"Mama Bernadeta, unatafuta nini?"

Akanigeukia kidogo tu. "Panga mustari, tata. Mi njo nilifika wa kwanza. Karani wa leo anachelewa sana."

Semeki, kantini ya kampuni unaikumbuka. Ulipokuja kututembelea wakati ule uliona wake za wafanyakazi wakipanga mstari mbele ya dirisha siku ya posho, wakingoja unga, mawese na samaki mkavu. Dirisha lile lilifungwa zamani, hata mbao zake watu wameshazichoma. Dada yako amelipata tena, ndani ya frigo yangu.

Nilicheka. Nasema kweli, nilicheka, nikidhani ananitania kama mi ninavyomtania tangu tulipofunga ndoa. Kisha nikamtazama machoni.

"Papa? Uko?"

"Niko. Ni mi nimesahau kufunga. Nilikuwa natafuta bia."

"Saa nne asubuhi?"

"Mwanangu, kiu yangu haikufika shule, saa haijui kuisoma."

Huo njo ulikuwa uongo wa kwanza.

Mchana ule ule akili ilimrudia. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua sombe, akaacha majani, akanishika mkono. "Kabwita, kuko kitu kinaniiba kichwa," akasema. "Usiambie batoto. Batakuja kunifunga kamba kama mbuzi ya soko." Nikaapa. Mi, ambaye sijawahi kumaliza Kwaresima moja bila kudanganya, kiapo hicho nilikishika mpaka wiki iliyopita. Alisema batoto, jina lako hakulitaja. Nimeitafuta nafasi hiyo ndani ya kiapo kama mwizi anayetafuta dirisha, nikapita, na sasa niko ndani ya nyumba yako na aibu yangu.

Kumfungia frigo kulimfanya alie. Kumwambia kantini ilikufa kulimfanya alie zaidi, maana alitaka kujua batoto watakula nini. Basi nikawa karani. Nilivaa kofia yangu ya kazi, nikasimama kando ya frigo, nikatengeneza sura ya mtu anayelipwa kwa kuwachelewesha wengine.

"Mama, matrikule ya bwana yako?"

Akaitaja. Namba zote, bila kukosea hata moja. Semeki, kuna siku jina langu linampotea kutwa nzima, ananiita tata kama mpita njia. Namba yangu ya kazi anayo. Nikamwekea unga kwenye kitunga, akashukuru, akafunga mlango mwenyewe, akaenda zake ameridhika. Frigo ikapoa, Bulaya wakanyamaza. Tangu hapo nimekuwa karani wa haraka kuliko wote waliopita pale kampuni. Kabla digri hazijapanda, mama ameshahudumiwa.

Unanijua. Siku moja karani akaharibika. Nikamwambia, "Mama muzuri hivi! Achana na ule bwana yako mwenye miguu ya kuku. Kuya kwangu, mi niko na gala nzima ya unga."

Akanipiga na kitunga, hapa, juu ya sikio. "Mupumbafu weye! Bwana yangu anatoka kazi saa nane. Nitamwambia, atakuvunja."

"Na ule bwana, anakupendaka?"

Akafikiri. "Maneno yake mingi," akasema. "Tena muongo. Lakini iko wangu."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikageuza ndoo, nikakaa juu yake na kulia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Sikio liliuma mpaka kesho yake. Nililiacha liume.

Kile kipima-joto cha sufuria ni kijinga zaidi. Majuzi dada yako alipika bukari. Alikoroga kwa nguvu zake zote, mwiko unazunguka, jasho linamtoka, anaimba. Bernadeta akaandika kwenye telefone yangu kwamba leo Mama anapika vizuri, moto uko sawasawa. Nikachungulia. Ndani ya sufuria kulikuwa na maji matupu yanachemka. Unga hakutia. Kidude kile kilikuwa kinapima moto, na moto ulikuwepo. Akamimina kwenye sahani, akaniletea. Nikanawa mikono, tukala, semeki. Nilifinya, nikachovya, nikamsifu. Akasema leo imelegea kidogo. Nikamwambia hapana, hivi njo ninavyoipenda.

Siku nyingine anasahau moto wenyewe, maji yanakauka, sufuria inakuwa nyeusi. Bernadeta anapiga, na mi najibu: ni mi, nilikunywa, nilisinzia. Ameniamini kila mara. Kwa maisha niliyoishi, hata wewe ungeniamini. Na pombe yenyewe nimeacha tangu Pasaka. Karani mlevi angemtia sabuni kwenye kitunga.

Sasa sikia mahali uongo huo umenifikisha. Wiki iliyopita Bernadeta akapiga simu, sauti kavu.

"Papa, sufuria ngapi umeunguza? Frigo nayo ulikuwa unaacha wazi. Mama hawezi kuzeeka na mulevi. Nimeongea na Prosperi. Atakuja kumukamata, amupeleke kwake Lubumbashi."

Prosperi ni mwanetu wa kiume, unamjua, aliyerithi masikio yako.

"Na mi?"

"Weye ubaki na lutuku yako."

Hapo nikakivunja kiapo. Nikasema, "Bernadeta, sikuwa mi. Ni mama yako. Kichwa chake kinakwenda." Akasema, pole pole, "Papa, hauna haya? Sasa unamutupia Mama? Jana niliongea naye. Alinisalimia vizuri, akaniombea."

Ni kweli. Kwenye telefone dada yako ni mzima. Salamu anazo, sala anazo, "Mungu akulinde mwana wangu" anayo. Ukimsikiliza bila kumwona utasema mgonjwa ni mi. Miaka yote nimewadanganya wakaniamini. Mara hii moja nimesema kweli, binti akakata simu.

Prosperi atafika Jumamosi baada ya hii inayokuja. Simlaumu. Nyumba yake ni nzuri, mke wake ana moyo safi na sakafu safi. Frigo yao ina milango miwili. Dada yako atasimama pale na kitunga, na huyo mkwe, kwa upole wote, atamwambia: Mama, funga, baridi inatoka. Atarudi chumbani mikono mitupu. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Na hakuna atakayemuuliza matrikule.

Jana nilipoanza barua hii akaja akasimama mbele ya meza.

"Karani, unaandika?"

"Ninaandika, mama."

"Uniandikie na mi. Kwa bwana yangu."

Nikachukua karatasi nyingine. Akasema hivi, nami nimeandika kama alivyosema: "Umwambie arudi. Chakula iko tayari. Kama kampuni inamuchelewesha, umwambie mi siende popote mpaka afike." Akautazama mkono wangu mpaka neno la mwisho. "Umeandika yote?" Nikasema yote. "Basi umupatie mukononi." Nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa shati. Imefika.

Kwa hiyo nimekata shauri. Kwa kuwa ukweli umekataliwa mlangoni, tuupe uongo wangu nguvu, na nguvu hiyo ni wewe. Panda lori, panda treni kama inatembea, ufike kabla ya Prosperi. Mjomba akisema, batoto wanasimama. Mwambie umeona kwa macho yako baba yake amekwisha: anakunywa, anaunguza vyombo, amechanganyikiwa, hawezi kuachwa peke yake hata siku moja. Mwambie kwenu mume mgonjwa hatenganishwi na mke anayemuuguza. Kunisema vibaya hutahitaji mazoezi. Watatubeba wote wawili. Nyumba hii niliyoitolea mapafu nitaifunga, ufunguo nitauacha kwa jirani wa redio, nami nitakwenda Lubumbashi kama mlevi wa kutibiwa, ninyweshwe chai na kuhubiriwa na mkwe wangu. Sawa. Ila nitaomba kiti kimoja karibu na frigo yao.

Na kama ukifika ukaona ni heri kusema kweli, sema. Alikuwa dada yako kabla hajawa mke wangu, na wewe watakuamini. Lakini umwone kwanza. Asipokutambua, usilie mbele yake. Simama nyuma yake kwenye mstari, atakuuliza habari za nyumbani.

Msalimie mke wako. Msalimie mwanao mkubwa anayekagua mizigo pale mpakani, na shangazi yetu wa chumvi sokoni, kama bado ananilaani. Na yule mzee wa katekisimu aliyeshindwa kunifundisha, mwambie bado hajachelewa, mi ndiye nimechelewa.

Asubuhi hii nilimuuliza Rozali nikutumie salamu gani. Akanishangaa. "Muteba? Njo kwanza ametoka hapa. Umwambie avae viatu, muvua inakuya."

Vaa viatu, semeki. Uje.

Mi, bwana wa dada yako, ukipenda usipende,

Kabwita