Foleni ya Tatu

9 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na baba pia, ingawa najua hapendi nimtaje. Mimi ni mzima. Bila shaka umesikia kuwa mto umepasua ukingo na kubeba mtaa wetu. Cherehani nimeiokoa, nguo za wateja zimekwenda na maji.

Tangu mwaka jana tuliandikia ofisi kwamba ukingo una ufa. Wakajibu kuwa jambo linashughulikiwa. Limeshughulikiwa na mto.

Tumeletwa kwenye shule. Langoni kuna foleni mbili, ya wanaume na ya wanawake. Karani alisoma kitambulisho changu kinachosema mwanamume, akatazama gauni langu, akasema, "Wewe sina pa kukuweka." Wanawake walisema nitawatisha watoto. Niliyofanyiwa kwenye foleni ya wanaume siwezi kukuandikia. Nalala barazani, mvua ikininyeshea.

Binti yako


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mgongo wangu ni uleule. Barua yako nimeisomea jikoni, mlango nimeufunga.

Redioni wamesema kila mwathirika amepata hema na chakula. Nilipomwambia baba yako kuwa wewe hujapata, alisema unaweza kurudi, ila uje na suruali na nywele umekata. Nakuomba, vaa hiyo suruali. Ni nguo tu. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mama yako


20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mgongo ukande kwa maji ya moto, na ndoo usibebe.

Suruali sivai. Ingekuwa ni nguo tu, baba asingenifukuza kwa sababu yake.

Mahema ya redioni hatujayaona. Nimeweka cherehani barazani, naunga maturubai tuliyoyaokota kwenye tope. Wa kwanza kuja alikuwa kinyozi wa mtaani, aliyezaliwa msichana na anaishi kama mwanamume. Naye hakuna foleni iliyomtaka, basi tukaanzisha yetu. Kisha akaja muuza mkaa, yule mama aliyekuwa akitema mate nikipita. Alisimama mbele yangu na wajukuu wake. Nikamwuliza, "Hema la watu wangapi?"

"Sita," akasema. "Na unisamehe."

Nikamwambia ashike turubai upande ule, nishone. Sasa foleni yetu ndiyo ndefu kuliko zote.

Kesho mkuu wa wilaya anakuja na wapiga picha. Karani ametuagiza mimi na kinyozi tujifiche, mahema yabaki, yaitwe ya serikali. Nimemwambia atanikuta palepale, na gauni langu jekundu.

Binti yako


2 Mei

Binti yangu,

Hujambo humo ndani? Wanakupa chakula? Nilingoja barua, haikuja. Aliyenipigia simu ni muuza mkaa. Alinisimulia ulivyomwuliza mkuu wa wilaya mbele ya kamera, "Hili nimelishona mimi. La kwako liko wapi?" Na walivyokukamata, eti unajifanya mwanamke na unachochea watu.

Nilimwambia baba yako nasafiri. Akauliza naenda kwa nani. Nikasema, kwa binti yangu. Akasema nikitoka nisirudi. Nimemwachia funguo mezani.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kituo. Askari mmoja wa kike amekubali kukufikishia. Mkubwa wao ameniambia niende zangu, mtoto wa aina yako ni aibu ya mzazi. Nikamwambia aibu ni watu kufa maji huku ofisi imekalia barua zao. Akaniuliza kama najua naongea na nani. Nikasema najua, ndiyo maana nimekaa.

Kinyozi yuko hapa, na muuza mkaa, ambaye amewachosha askari wote kwa maneno. Geti wamelifunga ili watu wa mahema wasiingie, basi wamekaa barabarani, na sasa magari ya polisi yenyewe hayatoki.

Kula, mwanangu, ulale. Hatuondoki bila wewe.

Mama yako