Sikio Langu na Pua ya Neema

Kimandolu, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba uipokee barua hii ukiwa umekaa, maana ni ndefu na mwandiko wangu unaujua. Mnaendeleaje hapo Nzega? Magoti ya bibi yanasemaje? Mdogo wangu Neema ameacha kugombana na mbuzi? Mimi nipo, nakula, nimenenepa mpaka mkanda umeanza kulalamika. Najua unajiuliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Mama, wewe ukipokea simu unaweka spika. Nikikohoa tu, majirani wote wanasema pole. Hili nataka ulijue wewe kwanza.

Kabla ya yote nijisifu kidogo. Saluni yetu ina viti viwili, changu na cha Elia, yule kaka wa Rombo aliyenifundisha kazi. Siku hizi wateja wanakuta kiti cha Elia kitupu, wanasema, "Hapana, tunamsubiri yule mweupe." Elia ananuna kama mtu aliyenyimwa pilau msibani. Mwanao ana mkono, mama. Shule ilinishinda, lakini vichwa vya watu navijua.

Sasa habari yenyewe. Kile kidonda kimerudi. Hakikurudi shingoni walikokata mara ya kwanza, wala begani walikokata mara ya pili. Safari hii kiko juu ya sikio la kushoto. Usilie, endelea kusoma.

Ilikuwa hivi. Arusha ikifika Juni kunakuwa na baridi ambayo wewe hujawahi kuiona. Asubuhi watu wanatoka nje kuota jua. Wanaegemea ukuta wa saluni na vikombe vya chai, mlima Meru umejifunika mawingu utadhani haupo. Mimi nimezaliwa Nzega, jua ninalolijua ni lile linalomfukuza mbuzi kivulini. Hili la hapa halichomi, linakupapasa tu. Nikajiambia, hili si jua, ni taa. Pama langu, lile kofia pana, nikalitundika ukutani, nikanunua mzula mweusi wa sufu kama vijana wote wa mji, nikauvaa juujuu, masikio nje, ndiyo staili. Mafuta ya jua nikayaweka kando nikisema nitayapaka joto likirudi. Nikawa naota jua na Wameru na Wachaga kama vile nami ngozi yangu ni ya kwao. Mama, nilipendeza! Ungeniona ungeanza kunitafutia mchumba.

Sisi vinyozi tunanyoana wenyewe. Siku moja Elia yuko kichwani kwangu, akasema, "Shija, hapa sikioni pana gamba."

"Si wewe umenikata juzi na hiyo mashine yako butu?"

"Usinisingizie. Nililiona hata nilipokunyoa mara iliyopita, nikadhani litapona."

"Basi ni uzuri unachipua."

Hakucheka. Akazima mashine. "Mdogo wangu, kesho nenda hospitali. Wateja wako nitawanyoa mimi."

Nikamwambia sawa, na sikwenda. Mama, sikwenda kwa sababu nilishajua. Kile cha begani kilianza hivihivi, gamba dogo, unalibandua linarudi. Saluni ina vioo pande zote, ukikikwepa kimoja kingine kinakuonyesha. Nikawa nanyoa huku nimegeuza shingo kama kuku mgonjwa. Mzee mmoja nikamnyoa sharubu ambazo hakuniambia nizinyoe. Alipiga kelele mpaka wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wakaja kutazama. Elia akamwomba radhi, akafunga saluni mchana kweupe, akanishika mkono mpaka hospitali.

Pale kwenye benchi nilikaa na mzee mmoja wa Nduruma, mwenye ualbino kama mimi na Neema. Ni mkulima. Nusu ya uso wake ilikuwa imefunikwa na kitambaa. Nilimsalimia, akaitikia kwa pembe ya mdomo.

"Kilianzia wapi, mzee wangu?"

"Hapa shavuni. Kilikuwa kama nimeumwa na kiroboto. Nikasema acha nimalize palizi kwanza. Kisha nikasema nivune. Kisha mvua zikaja, nikasema nipande." Akanitazama sikio. "Chako bado kidogo. Leo usiondoke hapa hawajakuona, umesikia mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Nilitaka kumtania, unanijua, mdomo wangu haukai. Badala yake nikasogea karibu naye.

Ndani sista alinivua mzula akaushika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hiki ndicho unachojikingia jua?"

"Ndiyo fasheni ya mji, sista."

"Jua halijui fasheni. Unadhani likikosa joto halikuunguzi? Mawingu yanakufichia mlima tu, jua linapita. Na hapa tuko juu, linakuunguza zaidi."

Daktari akakata kipande kidogo kwenda kupima. Niliporudi kuchukua majibu akaniambia bila kuzunguka: ni kansa tena, ila tumeiwahi, bado ndogo kama punje ya mtama, haijaingia ndani. Jumanne ijayo ananikata. Ncha ya juu ya sikio itaondoka. Nikamwuliza, "Halafu imekwisha?" Nilitaka anidanganye kidogo tu, mama. Akasema hii itakuwa imekwisha, lakini nyingine inaweza kuota, kwa kuwa ngozi yangu imeungua tangu utotoni. Kwa hiyo niende kuonwa kila baada ya miezi mitatu hata kama sioni kitu. Ikionekana mapema inatoka kwa kisu kidogo. Ikichelewa, ni yale niliyoyaona kwenye benchi.

Basi naogopa. Mchana najichekesha na wateja. Nikibaki peke yangu mkono unakwenda wenyewe shingoni, begani, mdomoni, unatafuta gamba jingine.

Na sasa ndiyo sababu ya barua hii. Picha ya Neema uliyonitumia, ile ya sare mpya, nimeikuza kwenye simu mpaka sura ikapotea. Ana kitu puani. Uliniambia ni mbu. Mama, picha ya Pasaka pia kipo, palepale, na sasa kimekuwa kikubwa. Naomba usisubiri shule ifungwe, wala mahindi yakauke. Bibi nampenda sana, lakini samli yake iishie kwenye mboga, asimpake mtoto. Mpande basi hilohilo lililoleta barua hii likirudi, mje. Nimeshamwambia sista kuwa mdogo wangu anakuja, akasema nimlete siku yoyote. Labda si kitu. Watuambie wao kuwa si kitu, turudi tukicheka.

Nisalimie bibi, na baba mdogo anayekaa na mifugo, mwambie asimpeleke Neema machungani hata kama mbingu imefunga. Mwalimu wake naye msalimie, umwombe amkalishe mbali na dirisha.

Neema mwenyewe mpe salamu zake peke yake. Jumapili ulipomwachia simu aliniuliza kwa sauti ya chini, kaka, walipokukata bega ulilia? Nikamwambia mwanaume halii. Mwambie nililia. Mwambie sindano ya ganzi inauma kweli, ukihesabu polepole inapita, halafu husikii kitu. Ajue mapema, asije akadhani yeye ndiye mwoga. Mkiwahi kufika kabla ya Jumanne, nitaingia mimi kwanza, na yeye akae mlangoni anisikie nikipiga kelele mpaka nitakaponyamaza.

Ni mimi mwanao anayekungoja stendi,

Shija